Hendeli Hupigwa kwa Kushoto

14 Novemba 1954, Jumapili

Shule imefungwa. Visima vya masista vimekauka, na Sista mkuu amesema hawezi kutulea kwa kikombe kimoja cha maji kwa siku, kwa hiyo kila msichana arudi kwao mpaka mvua zinyeshe. Nimefika jana jioni nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Naandika Kiswahili ndani ya daftari la Kiingereza, maana hapa nyumbani hakuna atakayelifungua.

Nyumbani tuko wanne: mama, kaka Petro, mimi Severina, na mjomba Nikolao, kaka yake mama. Baba yuko Tanga kwenye mkonge. Hata angekuwepo, kwetu mtoto ni wa mjomba. Yeye ndiye aliyesema nisome, na siku akisema basi, itakuwa basi.

Mjomba ana trekta. Alikuwa dereva kule Nachingwea Wazungu walipokuwa wanalima karanga, na karanga ziliposhindikana yeye akarudi na trekta kuukuu lililobabuka rangi. Linavuta tela la mapipa kutoka chemchemi za bondeni mpaka huku juu ukingoni, na maji yanauzwa Newala. Mvua zikija litalima. Watu wote wanalihitaji, na watu wote wanamwogopa mwenyewe. Mimi naogopa vyote viwili.

16 Novemba

Trekta haliwaki kwa ufunguo. Mbele, chini ya rejeta ya kupozea injini, kuna tundu. Unachomeka hendeli, chuma kilichopindwa mara mbili kama mguu wa panzi, unaizungusha injini kwa nguvu zako mpaka ishike moto. Ikikubali, inanguruma. Ikikataa, inarudisha teke, na hendeli inageuka nyuma haraka kuliko jicho.

Leo ilikataa. Mpigaji alikuwa Danieli, kijana wa jirani ambaye mjomba amemweka kazini. Aliishika kwa mkono wa kulia, dole gumba limezunguka chuma, akaikandamiza kwenda chini kwa uzito wake wote. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye. Ulilia kama muhogo mkavu unaovunjwa gotini. Danieli akakaa mchangani akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, na mjomba akamtukana kwa kuidondosha hendeli.

Nakiri hapa kwa sababu sina pengine pa kukiri. Danieli huniigiza ninavyotembea nimeinamisha kichwa. Mfupa ulipolia, kabla huruma haijaja, kuna kitu ndani yangu kilifurahi.

17 Novemba

Tangu leo mpigaji ni Petro. Hakuulizwa.

18 Novemba

Mjomba ana kitabu cha trekta, cha Kiingereza, kimelowa oili mpaka kurasa zimekuwa kama ngozi. Aliniita nimsomee mbele ya watu, ili waone kuwa anasomesha. Nilisoma kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Akasema paza. Nikapaza, nikawa nafasiri: kwanza hakikisha gia iko huru. Weka mawe kwenye magurudumu. Kile kijiti cha cheche kilicho kando ya usukani kirudishe nyuma, maana cheche ikiwahi ndiyo inayoleta teke. Kisha shika hendeli kwa mkono wa kushoto, dole gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, uvute kutoka chini kwenda juu, robo mzunguko, usikandamize kamwe. Hapo teke likija vidole vinafunguka vyenyewe na chuma kinauacha mkono.

Nilipotamka mkono wa kushoto wazee waliguna. Mjomba akanipiga kofi, si kali sana, kofi la kuonyesha watu.

"Mkono wa chooni," akasema. "Mkubwa wako anakupa kazi, wewe unampa kushoto? Hao Wazungu wanakula kwa mikono yote miwili, watajua nini."

Watu wakacheka. Nilirudi jikoni shavu likiwaka.

20 Novemba

Mjomba alikwenda Newala kwa miguu. Petro akaniambia nikirudie kile kitabu. Nikakirudia polepole, yeye akafanya jambo moja baada ya jingine, kwa kushoto, na likawaka. Akalizima. Akasema sasa wewe. Nikamwambia mimi ni msichana. Akasema chuma hakijui.

Nilivuta. Likanipiga teke, vidole vikafunguka, hendeli ikapiga hewa. Sikuumia popote, lakini nilikwenda kukaa chini ya mkorosho, Petro akinicheka. Nikavuta tena. Mngurumo wake ulipanda kupitia mkono ukaingia kifuani. Sijawahi kufanya kitu chenye kelele namna ile.

27 Novemba

Hakuna mvua. Mawingu yanakuja, yanatuchungulia, yanavuka Ruvuma kwenda kwa Wareno.

30 Novemba

Niandike habari za Fikirini, maana leo amekula ugali wetu wote.

Fikirini anafanya kazi kwenye tela, kujaza mapipa na kuyaosha, na mara nyingine kupiga hendeli na kushika usukani. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani. Mama anasema babu zao na babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakakubaliana kwamba tangu siku ile watatukanana tu. Mtani haudhikiwi. Anaweza kuingia jikoni akachukua chungu mboga ikiwa bado inachemka, akavaa kofia ya mjomba, akamwambia mama kuwa angekuwa mbuzi angekwisha kuchinjwa zamani, na hakuna shauri wala faini. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa.

Utani wake mkubwa ni kujitwika kila baya. Mtungi wa mama ulipasuka wenyewe kwa jua, yeye akiwa bondeni. Aliporudi na kusikia akasema, "Ni mimi, niliutazama vibaya." Mbuzi wa jirani alikufa: ni yeye, alimposa akakataliwa. Hata mkono wa Danieli: "Ni mimi, nililituma trekta limng'ate." Danieli mwenyewe alicheka, mkono umefungwa vijiti.

Mimi ananiita mke wangu bubu. Mimi natazama chini. Ni yeye peke yake ambaye mjomba hawezi kumwinulia mkono, na siku akila kwetu hakuna anayepigwa. Basi, nimeandika.

6 Desemba

Bondeni chemchemi imekuwa tope. Wanawake walipigana kwa ndoo leo, mmoja alipasuliwa paji la uso, damu ikaingia katika maji na bado watu walichota. Mjomba alifika na trekta akataka mapipa yajazwe kwanza. Mzee mmoja akamwambia maji hayana dereva. Mjomba akavua mkanda wa feni aliouning'iniza shingoni, ule wa mpira mweusi, akamchapa nao mzee yule mbele ya wajukuu zake. Watu wakasogea, mapipa yakajazwa kwanza. Trekta ni lake.

Nilikuwa nimekaa juu ya tela. Nilitazama kucha zangu mpaka ikaisha.

13 Desemba

Petro kachapwa kwa kuchelewa na mawe ya magurudumu. Ngozi ya mgongo imeinuka kama matuta.

19 Desemba

Fikirini amefanya utani mbaya. Petro alikuwa mbele akichomeka hendeli, Fikirini akapita kando ya usukani akakisukuma mbele kile kijiti cha cheche, akasimama akingoja akijikaza asicheke. Likapiga teke. Petro alikuwa ameshika kwa kulia kwa sababu mjomba alikuwa anatazama, lakini dole gumba alilificha, kwa hiyo mfupa umepona. Kifundo cha mkono kimevimba tu kama embe.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Petro naye akacheka, akamwambia Fikirini atamwoa mama yake. Nami nilicheka. Aliyenuna ni mjomba peke yake. Alisema polepole kwamba siku trekta lake likiharibiwa, utani ataulaza kaburini. Wazee wakamwambia neno kama hilo halisemwi. Akajibu kuwa ameshalisema.

25 Desemba

Krismasi. Tulikwenda kanisani na makopo, ili baada ya misa tupewe maji.

3 Januari 1955

MVUA. Mama alisimama uani na kanga moja mpaka meno yakagongana, hakutaka kuingia ndani. Petro na Fikirini walipigana matope. Mimi niliweka kila chombo tulicho nacho chini ya makuti, hata kofia ya mjomba.

5 Januari

Shule imefunguliwa. Mjomba amesema nitarudi kilimo kikiisha, maana mimi ndiye msomaji wa kitabu. Nililia ndani ya blanketi.

11 Januari

Kila mtu anataka alimiwe kwanza kabla mvua haijaharibu udongo. Wanakuja alfajiri, wanakaa uani kimya, na mjomba anachagua kwa kidole. Aliyependwa jana leo hatazamwi. Filemoni, jirani yetu wa mteremkoni, amerukwa mara nyingi, na leo amesema kwa sauti kwamba trekta limemtoa Nikolao utu. Mjomba alimpiga ngumi akaanguka kwenye jembe. Alichubuliwa na meno ya jembe, lakini meno yake mwenyewe yamepona, nashukuru.

Breki za trekta zimekwisha. Petro kila jioni huliweka mahali tambarare, gia huru, mawe mbele na nyuma. Mjomba akiliendesha mwenyewe huliacha popote, mteremkoni, ndani ya gia, gia ndiyo ilizuie lisiteremke. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiyaacha malori Nachingwea, anasema, na mawe ni kazi ya watoto. Petro humwendea nyuma akaitoa gia kabla ya kupiga hendeli. Mjomba hajui, au anajua.

Nakiri: usiku wa jana niliota mjomba amekufa, nikaamka nikiwa nimeshiba usingizi.

24 Januari, Masasi, Mkomaindo

Naandika nimekaa kwenye kizingiti cha hospitali. Mdomo umevimba, siwezi kula, lakini mkono ni mzima. Nitaandika kwa mpangilio.

Juzi jioni mjomba alichukua trekta mwenyewe akaenda shambani kwa Filemoni, si kulima, kulipitisha tu juu ya mihogo yake. Alirudi amelewa hasira, akaliacha juu kidogo ya uani, pua imeelekea mikorosho. Gia ndani. Hakuna jiwe.

Asubuhi watu wa kulimiwa walikwisha kukaa. Filemoni alikuja na ndugu zake wakasimama mbali. Mjomba aliwaona. Alitaka trekta lingurume mbele ya macho yao. Akamwita Petro, washa. Mimi nilikuwa karibu na gurudumu la nyuma na kopo la petroli, kwa hiyo nilisikia kila neno.

Petro alisema, "Mjomba, gia iko huru?"

"Nimesema washa."

Petro akageuka apande akaangalie mwenyewe. Mjomba akamchapa mkanda wa feni shingoni, mara mbili, watu wakitazama. Petro akashuka. Akaenda mbele. Akashika hendeli kwa kulia, akavuta.

Liliwaka papo hapo. Halikunguruma kwanza kama kawaida, liliruka. Petro alipiga hatua za nyuma, na nyuma yake palikuwa na mkorosho. Nilimwona akinyoosha mikono miwili mbele kama mtu anayemzuia ng'ombe. Kisha pua ya trekta na mti vikakutana na yeye katikati, pajani, na injini ikazimika. Majani ya mkorosho yalikuwa yanaanguka juu ya boneti.

Fikirini alikuwa nyuma ya tela anaosha mapipa, haoni mbele. Alisikia kishindo, akadhani ni mti umegongwa. Akapaza sauti kwa furaha yake ile ile: "Ni mimi! Nimelitia pepo!"

Halafu akazunguka tela, akaona.

Wanaume walilisukuma trekta nyuma, Petro akateleza chini. Paja lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi, na damu ilikuwa inatoka kwa mapigo. Mama alikuja akakaa ndani ya damu, akalibana paja kwa mikono miwili, akafunga kilemba chake juu. Mimi nilikuwa bado nimeshika kopo la petroli.

Mjomba hakumtazama Petro. Alimtazama Fikirini.

"Mmemsikia," akasema. "Kakiri mwenyewe. Juzi kijiti, leo gia."

Nilitegemea watu watacheka, waseme huyo ni mtani, hata jua likichomoza husema ni yeye. Wote wanajua hivyo. Lakini palikuwa na damu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja utani penye damu. Fikirini alianza kusema kuwa alikuwa anaosha mapipa. Sauti yake haikuwa ya mtani, kwa hiyo ilionekana ni ya mwongo. Wawili wakamshika. Hata ndugu mmoja wa Filemoni alikwenda kusaidia, mtu aliyemchukia mjomba tangu usiku. Walimlaza mkono wa kushoto juu ya ukingo wa tela.

Nikasema, siye yeye. Nilisema kweli, kwa mdomo, lakini ilitoka kama pumzi. Nilimvuta shati mtu aliyekuwa mbele yangu nikamwambia, siye yeye, ni mjomba. Akanisukuma kwa kiwiko, mtoto nyamaza. Mjomba alikwisha kuichomoa hendeli. Nilivuta pumzi ya tatu, nikasema tena, na sauti yangu ikaanguka pamoja na chuma.

Alipiga mara moja tu. Sauti ile ya muhogo. Fikirini hakupiga kelele, alitapika.

Ndipo sauti ilipokuja, ilipokuwa haina kazi tena. Nilipiga ukelele ambao mpaka leo koo linauma. "Ni mjomba! Gia ni ya mjomba! Petro alimwuliza, akampiga!"

Watu wote waligeuka. Mjomba alinijia bila haraka, hendeli mkononi, akanipiga nayo mdomoni. Niliona weupe. Nilipoona tena nilikuwa chini, meno mawili yako kwenye ulimi. Alikuwa ameinua tena.

Mama aliacha paja la Petro kwa Filemoni, akamwambia, bana hapa. Akasimama kati yangu na kaka yake, mikono myekundu mpaka viwikoni. Hakumgusa. Alishika fundo la kanga kiunoni.

"Nikolao," akasema. Sijawahi kumsikia akimtaja jina. "Nikilifungua hili mbele yako hutayaona mavuno. Unajua."

Wanaume walifunika nyuso, wengine wakageuka kutazama msituni. Mwanamke akimvulia nguo ndugu aliyezaliwa naye tumbo moja, hakuna mganga wa kuiondoa laana hiyo. Mjomba alisimama. Mkono wake uliteremka kidogo kidogo. Hendeli ikaanguka. Akaondoka kwa njia ya mihogo, mwendo wa kawaida, na hakugeuka.

Sasa Petro. Midomo ilikuwa imekuwa rangi ya majivu. Newala yuko dresa, wa kufunga vidonda tu, lakini mguu ule ulikuwa wa daktari, na daktari yuko Masasi. Malori ya wafanyabiashara yamekwama kwenye tope tangu wiki iliyopita. Wengine wakasema abebwe kwa kitanda. Mama akawauliza, mpaka Masasi? Trekta lilikuwa hapo hapo, na wanaume walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa anaitazama hendeli mchangani kama nyoka. Ilikuwa imevunja mikono miwili na meno yangu. Aliyejua kuipiga alikuwa anatokwa damu, na mwingine aliyejua, Fikirini, tulikuwa tumemvunja sisi.

Niliiokota. Ilikuwa na ngozi ya Fikirini. Niliifuta kwenye gauni.

Nilipanda nikaitoa gia, nikakitikisa kijiti chake kushoto na kulia, kikawa kinacheza. Nilikirudisha nyuma kijiti cha cheche. Nilifungua petroli. Niliposhuka, Fikirini, aliyekuwa amekaa ameegemea tela, alisema neno moja: "Mawe." Nikaweka mawe. Kisha nikachomeka, nikashika kwa kushoto, nikalilaza dole gumba pamoja na wenzake.

Mzee mmoja akasema, "Kwa kushoto, mbele za watu?"

"Apige hata kwa miguu," mama akasema.

Nikavuta. Kimya. Nikavuta, likapiga teke, vidole vikafunguka, hendeli ikapita karibu na sikio langu. Watu walirudi nyuma. Damu ya mdomo ilikuwa inadondoka juu ya mkono na chuma kinateleza, nikashika tope ili mkono ukamate. Nikavuta. Likanguruma.

Petro walimlaza kwenye tela juu ya godoro, mama akimbana paja. Dereva hakuna. Fikirini akasimama. Akaomba vijiti na kamba ya gome, akaufunga mkono mwenyewe, kamba akiikaza kwa meno, akapanda kwenye usukani. Hakuombwa. Aliendesha kwa mkono mmoja. Mimi nilisimama nyuma yake juu ya chuma cha kuvutia tela, nikawa naingiza gia akisema.

Kuteremka kutoka juu ni kubaya zaidi. Breki hamna, tope kama sabuni, upande mmoja ni bonde. Alilishika kwa gia ya kwanza, injini ikilia, na kila tulipoteleza nilisikia meno yake yakisagana. Njia nzima hakuniita mke wala bubu. Alisema, pili. Kwanza. Shika. Basi.

Tulifika jua likizama.

25 Januari

Petro yu hai. Mguu wameukata juu ya goti. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu angekufa. Alimwambia mama kwa Kiingereza, nami nikafasiri, na ilinibidi nirudie kwa sababu bila meno ya mbele neno mguu halikutoka vizuri.

26 Januari

Fikirini amewekewa plasta. Kiwiko hakitanyooka. Nilimpelekea uji. Akasema asante.

13 Februari

Tumerudi nyumbani na trekta, Petro kabaki. Leo wazee wa kwao Fikirini walikuja, na sisi tulikuwa tumejiandaa kwa shauri, maana mkono umevunjwa bila kosa mbele ya kijiji. Wazee wao wakasema hakuna shauri. Damu ya watani haina kesi, ndivyo ilivyokuwa kwa babu, ndivyo itakavyokuwa. Wazee wetu walipumua mpaka nikasikia. Mmoja akatania kuwa mkono uliopinda ni mzuri kwa kubebea mtoto. Wote wakacheka, wa kwao na wa kwetu, kama watu waliovuka mto.

Fikirini alikuwa amekaa nyuma yao. Nilimtazama, maana siku hizi natazama watu. Hakucheka. Hakukasirika pia.

20 Februari

Wanasema mjomba yuko Tandahimba, anapalilia mikorosho ya watu. Radi ikipiga upande ule naomba imwone. Halafu napiga magoti naomba isimwone. Sijui Mungu anasikiliza ipi.

6 Machi

Petro amerudi kwa lori, na magongo mawili. Aliingia uani akalitazama trekta. Kuku wametaga kwenye kiti.

Majirani wanakuja kumpa pole, Filemoni, Danieli, hata wale waliomshika Fikirini. Wanakaa kidogo. Wote wanazungumza habari za mvua.

27 Machi, Jumapili

Kesho narudi shule. Mama ndiye aliyesema. Hakuna aliyembishia.

Mchana mvua ilikuwa inanyesha, Petro kakaa mkekani barazani, mimi nachambua mchele. Tukasikia hodi. Hatukuitika haraka, kwa sababu hatukuitambua sauti. Ikarudia, hodi wenyewe. Alikuwa Fikirini, amesimama mvuani nje ya uzio, anangoja kukaribishwa. Mama akasema karibu. Akaingia, akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Petro."

Mama alichelewa kuitikia. "Marahaba, baba."

Alikaa pale alipoonyeshwa, mkono wake umekunjwa kifuani kama wa mtu anayebeba kuku. Chungu kilikuwa jikoni, kinanukia, hakukitazama. Alituuliza hali. Aliuliza habari za baba Tanga. Mama akamletea chakula kwenye sahani ya wageni, maana hakujua amletee kwenye nini, naye akala vizuri, kwa adabu, akabakiza.

Petro alikuwa anamtazama tu. Tangu hospitali Petro hajalia, hata walipokuwa wanambadilishia bandeji na mimi nikatoka nje. Alipoona sahani imewekwa chini, aliinua kile kipande cha paja ndani ya suruali iliyofungwa fundo, akakipiga kofi.

"Wewe mwizi," akasema. "Mguu wangu umeuzia wapi?"

Mama alishika mdomo. Mimi niliacha mchele. Nilimwona Petro anatabasamu, ameinua kidevu, anangoja. Alikuwa amempa kila kitu. Yalibaki maneno mawili tu, yale yale aliyokuwa akiyasema kwa mitungi na mbuzi.

Fikirini alitazama mkeka.

"Pole sana, kaka Petro," akasema. "Mungu atakupa nguvu."

Petro aliendelea kutabasamu kwa muda, kisha uso wake ukavunjika, akalia kwa sauti, kama mtoto mdogo, mbele yetu sote, mikono ikilitafuta goti lisilokuwepo. Mama alikwenda kumshika. Fikirini alikaa na kofia yake mapajani mpaka mvua ilipopungua. Akaomba ruhusa ya kuondoka, na mama akampa.